Jina la Susu, Pua Yako Mwenyewe

Kwa Ndunge, binti yangu na mama yangu,

Mwaitu, nimekaa hapa nje ya jikoni, jua bado liko juu ya kilima, na ninyi nyote mmeenda kwa Susu wako, mama yangu mzazi, kuombewa safari. Nimebaki kwa kisingizio cha mbuzi mgonjwa. Mbuzi hana shida yoyote, anatafuna mabua hapa mbele yangu kama kawaida. Nilitaka tu nafasi ya kukuandikia kabla ya kesho asubuhi, kwa sababu nikianza kusema kwa mdomo wewe utacheka, mama yako atanikatiza, na Susu ataanzisha wimbo.

Mambo ya blanketi, ya kufunga sanduku kwa kufuli, ya kutomwazima kila mtu sabuni, mama yako ameyasema tangu Jumatatu na bado anaendelea. Sina la kuongeza. Mimi nataka kukuambia habari ya pua.

Najua utasema, "Baba, tena?" Ndiyo, tena. Hadithi hiyo tunaisimulia kila Krismasi na watu wanacheka mpaka chai inamwagika, lakini huwa tunaanzia pale hospitalini, kwa sababu pale ndipo inapochekesha. Mwanzo wake huwa nauruka. Leo sitauruka.

Ulikuwa mtoto wetu wa kwanza na ulikuwa msichana, kwa hivyo jina halikuwa na mjadala. Kwetu Ukambani msichana wa kwanza ni wa mama ya mume. Ukawa Ndunge kama Susu, na mimi nikaanza kukuita mwaitu, mama yangu, hata kitovu hakijadondoka. Susu alikuja na kuku wawili na kikapu kipya cha kyondo, akakupakata, nawe ukalala mapajani mwake. Kisha ukaanza kukoroma. Kakoromo kadogo tu, lakini nyumba nzima ilikasikia.

Sasa, unajua Susu anajulikana Kalamba nzima kwa mambo mawili: kusuka vyondo na kukoroma kanisani. Mchungaji wetu wa zamani alikuwa akifika katikati ya mahubiri ananyamaza, anamngoja ageuze shingo, halafu anaendelea. Kwa hivyo ulipokoroma mapajani mwake siku ile, shangazi zako walipiga makofi. Mmoja akasema, "Jina limeshika." Tulicheka mpaka machozi yakatutoka, na mimi nilicheka kuliko wote, maana mama yangu alikuwa amezaliwa mara ya pili nyumbani kwangu.

Basi ukakua mdomo wazi. Ukinywa chai unameza mara mbili, unasimama kuvuta pumzi, unameza tena. Sauti yako ilikuwa ya mtu mwenye mafua mwaka mzima, kiangazi na mvua. Kila mtu akiona hivyo anasema jina limeshika. Nilikuwa nakupeleka sokoni kukuonyesha watu. "Mwangalieni mwaitu, hata kupumua anapumua kama yeye." Walicheka na kukupa ndizi. Nawe ulicheka pia, kwa sababu ulikuwa mtoto na uliona watu wazima wamefurahi.

Tena kwa kazi yangu ulinifaa sana. Mtu anayenunua mbuzi Ikutha na kuwauza Kalamba na Tawa anaishi na mabeberu, na unajua beberu ananuka vipi wakati wake ukifika. Wenzako walikuwa wakimwona beberu mbali wanashika pua na kukimbia. Wewe ulimkumbatia shingoni, ukamfunga kamba, ukamvuta mpaka kwenye zizi ukimwimbia. Niliwaambia wafanyabiashara wenzangu kwamba binti yangu ana moyo wa kazi. Kumbe pua ndiyo haikuwepo.

Ulipokuwa darasa la sita ulipata kikohozi, nikakupeleka zahanati. Yule daktari mama alikusikiliza kifua, akakuambia ufunge mdomo na uvute pumzi. Ulifunga, ukavuta, ukawa mwekundu wa macho, ukafungua. Akaniuliza, "Mtoto huyu hapumui kwa pua. Tangu lini?" Nikamjibu kwa fahari, "Tangu apewe jina." Nikacheka. Yeye hakucheka. Alikaa chini, akaandika barua, akasema niipeleke hospitali kubwa ya mjini kwa daktari wa pua na koo, na nisikawie.

Ile barua niliikunja, nikaitia mfuko wa kushoto wa koti langu la kijani, lile la sokoni. Ilikaa humo miaka mitatu.

Hapa ndipo huwa naruka. Watu wakiniuliza kwa nini tulichelewa, nasema mambo yalikuwa mengi, unajua kazi, unajua barabara. Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliposikia neno upasuaji niliona kisu juu ya pua, na pua ile ilikuwa ya mama yangu. Nilifikiri watakurudisha na sura ya mtu mwingine. Halafu kulikuwa na jambo jingine la aibu zaidi. Niliona nikikubali kwamba pua yako ina kasoro, nitakuwa nimesema mbele ya ukoo kwamba mama yangu aliumbwa vibaya. Mtu gani anamrekebisha mama yake? Kwa hivyo nilivaa koti kila siku ya soko, barua ikiwa mfukoni, na nikijisikia mtoto mwema kwa mama.

Wewe wakati huo ulikuwa unalipa. Ripoti ya kidato cha kwanza iliandikwa, "Analala darasani." Muhula wa pili ikaandikwa hivyohivyo. Nikaamua ni uvivu. Likizo ile ya Agosti nikakupa mbuzi wote uwachunge mchana kutwa ili ujifunze kukaa macho. Siku ya nne ulisinzia kwenye ukuta wa tangi la maji, mbuzi wakaingia kwenye ndengu za jirani wakazila mpaka mizizi. Nilikugombeza mbele ya jirani huyo, tena kwa sauti ya mnadani. Ukasema taratibu, "Baba, sijui kwa nini nachoka. Nalala lakini silali." Nikakuambia hayo ni maneno ya mvivu.

Mwaitu, kuna mbuzi nimewauza nikawasahau, kuna watu nimegombana nao siwakumbuki hata sura. Maneno hayo ninayakumbuka na mahali nilipokuwa nimesimama.

Kile usichokijua ni kwamba Susu alisikia. Ukuta wa tangi uko hatua chache kutoka uani kwake. Kesho yake alikuja na ungo wa ndengu, akakaa palepale ninapokaa sasa, akaanza kuchagua mawe. Wewe ulikuwa malishoni. Akatupa jiwe uani, kisha akaniuliza:

"Jana ulimwambia mtoto nini?"

"Nilimkanya tu, mama. Amezidi usingizi."

"Yeye alikuambia nini?"

Nikamwambia. Aliacha kuchagua ndengu.

"Nalala lakini silali," akasema. "Hayo ni maneno yangu, Kioko. Nimekuwa nayo tangu nikiwa msichana, ila hakuna aliyeniuliza. Unafikiri nilikuwa napenda kusinzia kanisani? Unafikiri nilikuwa napenda mchungaji aninyamazie, watu wote wageuke? Baba yako alihamia jikoni na mkeka wake. Mlicheka, nikacheka nanyi. Ningefanya nini?"

"Mama, sisi tuliona ni baraka. Tuliona jina limeshika."

"Jina nilimpa mimi. Pua sikumpa. Urithi wake nimemwekea, ni yule mbuzi mweupe na vyondo vyangu vya mkonge. Hiyo pua mwondoleeni."

Nikaingia ndani nikaleta koti. Nilitoa ile barua, imekunjika mpaka inataka kukatika, na ina harufu ya beberu. Akaigeuza huku na huku, maana hakuwa na miwani.

"Hii ni nini?"

"Ni ya daktari. Anasema apelekwe mjini."

"Ya lini?"

Aliniangalia vile alivyokuwa akiniangalia nikiwa mdogo nimevunja mtungi. Halafu akarudi kwenye ndengu zake na kusema, "Kesho mshike njia."

Watu husema kuuliza si ujinga. Mimi nilikaa na mama yangu miaka arobaini na kitu, nikala chakula chake, nikamcheka kwa upendo, na sikuwahi kumuuliza mara moja kama analala vizuri. Nilidhani nikimpenda mtu basi namjua. Nikakufanyia wewe vilevile.

Yanayofuata unayakumbuka, lakini acha nijifurahishe. Daktari kijana, anatoa kile kiwaya chenye taa, anakiingiza, na pua yako inatokea kwenye skrini kubwa kama pango. Akatuonyesha ukuta wa katikati umepinda kama mlango ulioachia bawaba, upande mmoja umefungwa kabisa. Upande wa pili nyama za ndani zimevimba zimejaza njia. Akasema wataunyoosha ukuta na kuzipunguza hizo nyama. Nikauliza swali langu la miaka mitatu: sura yake itabadilika? Akasema, "Hapana, mzee. Tunapita ndani. Nje hatugusi." Woga wangu wote ulijibiwa kwa pumzi moja, na ningeweza kumuuliza mtu yeyote mwenye koti jeupe siku yoyote ile.

Kuhusu kunusa alisema huenda ikaja, huenda isije yote, haahidi. Wewe uliuliza neno moja tu: "Nitalala?" Nikaangalia viatu vyangu.

Siku ya upasuaji Susu alikataa kubaki. Alikuja na nguo ya kanisa na kitambaa kipya kichwani, akakuombea kwenye korido kwa sauti iliyofika wodi ya wanaume. Ulipoingia ndani akakaa kwenye benchi, na baada ya robo saa akaanza kukoroma kwa namna ambayo nesi alitoka mbio kuangalia ni mgonjwa gani ameachwa nje. Nilimwambia, "Huyu si mgonjwa, huyu ndiye chanzo." Ndiyo mara yangu ya kwanza kucheka wiki ile.

Wiki iliyofuata haikuwa ya kucheka. Ulikuwa na pamba, kisha vile vipande vya plastiki ndani, uso umevimba, huruhusiwi kupenga, maji ya chumvi asubuhi na jioni. Siku ya tatu ulilia ukaniambia hali ni mbaya kuliko zamani. Nilienda nikasimama zizini peke yangu. Nilisema, Mungu, nilikosea kwa kukawia, sasa usiniambie nimekosea na kwa kwenda.

Halafu tukarudi kwa daktari. Alitoa plastiki moja, akatoa ya pili, akasafisha, akasema, "Haya, vuta." Wewe, badala ya kuvuta tu, uliziba mdomo kwa kiganja chako mwenyewe, ukaubana, ili uhakikishe pumzi haipiti kwa njia ya wizi. Ukavuta. Kifua kikapanda, kikapanda, macho yakakutoka. Ukashusha. Ukavuta tena. Nimeona watoto wangu watatu wakizaliwa, lakini mtu akiniuliza ni lini nilimwona mtoto akipokea uhai, nitamwambia ni siku ile, na mtoto alikuwa na miaka kumi na mitano na sare ya shule.

Mimi nilikuwa najifuta macho dirishani niliposikia, "Baba, hiyo ni nini?"

"Nini?"

Ulikunja uso. Ukaja hatua moja, ukanusa. Ukaja ya pili. "Ni wewe," ukasema. "Baba, unanuka hivi siku zote?"

Daktari aliweka chombo chake mezani ili acheke vizuri. Wewe ulisimama pale umeziba pua uliyokuwa umepewa dakika mbili zilizopita. Nyani haoni kundule, mwaitu. Miaka yote ile nilidhani watu wa benki wanakaa mbali nami kwa heshima.

Tulipotoka getini ukasimama tena. Safari hii hukuuliza. Ulifunga macho ukageuka taratibu mpaka ukaelekea ule mlango wa duka la mikate, kana kwamba mtu amekuita. Nikakununulia mkate mmoja bado una moto. Hukuula. Uliupakata mpaka Kalamba, kila mara unaufungua kidogo unanusa unaufunga, mama yako akasema utaumaliza kwa pua. Uliposema mwaka jana kwamba unataka kwenda chuo kule Nakuru kusomea kuoka mikate, shangazi zako walishangaa wazo limetoka wapi. Mimi sikushangaa.

Usiku ule wa kwanza mama yako aliamka ghafla. Nikamuuliza kuna nini, akasema, "Hakuna kitu. Sisikii kitu." Alikuja kwako na tochi akakuwekea kidole chini ya pua, akakiacha hapo mpaka akaridhika. Asubuhi tulikuamsha saa nne, na ulikuwa na hasira kwamba tumekuamsha mapema.

Tangu hapo ukawa mtawala wa harufu hapa nyumbani. Mabeberu ukawaacha siku hiyohiyo. Koti langu ukalipigia marufuku, ukagongomea msumari nje karibu na zizi na kusema likae huko kama mbuzi wengine. Nimetii. Leo asubuhi nilipoenda kulichukua sikulikuta kwenye msumari, nikafikiri mama yako mwishowe amelichoma. Ameapa hajaligusa.

Lakini kitu nilichokipenda kuliko vyote ni wewe na Susu. Ulimwambia yule daktari amtengeneze na yeye, naye Susu akakataa. Alisema, "Mimi nimezoea, na mzee wa kulalamika ameshatangulia." Badala yake akakufanya pua yake. Unafika kwake jioni, anakuuliza, "Leo dunia inanuka nini?" Nawe unamhesabia: majivu, maganda ya embe, sabuni ya jirani, mvua iliyo bado upande wa Kitui. Anafunga macho anakusikiliza kama mtu anayesomewa barua. Na ile siku uliyomwambia, "Susu, usikasirike, lakini isyo yako huwa inaungua chini kila siku." Alishtuka. Amepika mahindi na maharagwe tangu kuolewa. Akanigeukia, "Ni kweli?" Nikasema ni kweli, mama. "Na hakuna aliyeniambia." Halafu akacheka mpaka akashika nguzo, akisema kumbe familia hii ni ya kunyamaziana. Tukacheka wote, lakini alichosema kilikuwa kweli.

Kwa hivyo nina maneno mawili tu ya kukupa, nayo nimeyapata kwa njia mbaya. Ukisema umechoka na mtu akakuambia ni uvivu, sema mara ya pili. Akiwa mwalimu, sema. Akiwa baba yako, sema kwa sauti zaidi. Na siku utakapompenda mtu mpaka udhani unamjua, muulize hata hivyo amelala vipi.

La mwisho. Sijawahi kukuomba msamaha. Nilikununulia mkate nikadhani nimemaliza. Nilikuita mvivu na ulikuwa unakosa hewa, na dawa ilikuwa mfukoni mwangu, hatua moja kutoka ulipokuwa umesimama. Nisamehe, mwaitu. Huwezi kunijibu sasa, na sitakuuliza kesho mbele ya watu. Ngoja niitie barua hii kwenye sanduku lako kabla hamjarudi.

Nimerudi kukaa. Naona kalamu bado ina wino.

Nilifungua sanduku lako nikitafuta mahali pa kuficha karatasi. Nikainua sweta, nikainua shuka, na chini kabisa nikakuta mfuko wa plastiki umefungwa mafundo matatu. Nilidhani ni viatu. Nikafungua fundo la kwanza, na kabla sijafika la pili nilijua, kwa sababu kwa mara ya kwanza maishani hata mimi nimeisikia harufu hiyo.

Hukulifua. Uliyeligongomea msumari nje, umelifunga ulipeleke Nakuru lilivyo.

Nimekaa nalo mapajani kwa muda. Mbuzi wangu mgonjwa amekuja kulinusa akaenda zake. Sokoni wiki ijayo nitavaa sweta, na wenzangu wataniuliza kama ninaenda kuoa.

Ile barua ya daktari ilikaa miaka mitatu katika mfuko wa kushoto wa koti hili. Hii nimeitia mfuko huohuo, na mafundo nimeyafunga vilevile matatu. Najua utayafungua kesho kabla ya jioni.

Ni mimi, baba yako, na kwa jina mtoto wako,
Kioko